Kamera katika Chumba cha Mwari



Iko barua ambayo imekaa juu ya meza yangu ya kazi kwa muda wa majuma matatu, na kila nilipotaka kuijibu nilijikuta nikiirudisha chini ya karatasi nyingine. Aliyeiandika ni binti anayefanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Anasema kwamba karibu ataolewa, kwamba harusi itafanyika nyumbani kwa bibi yake huko Unguja kwa kufuata taratibu zote za kimila, na kwamba mchumba wake, kijana mwenye nia njema, amekwisha kutoa arubuni kwa mpiga picha ili aje kupiga picha za matayarisho yote: singo, hina, ufukizaji wa udi, uvaaji wa nguo na dhahabu. Bibi amesikia habari hiyo, naye amesema neno moja tu. Mpiga picha akiingia kwa mlango wa mbele, yeye atatokea mlango wa uani, na harusi ifanywe bila yeye.

Binti ananiuliza: “Dada, nimsikilize nani? Bibi ndiye aliyenilea. Na picha, kusema kweli, nazitaka.”

Laiti angeniuliza habari za mahari au za mawifi, ningalimjibu siku ile ile. Lakini barua hii haiwezi kujibiwa kwa ukamilifu bila mimi kwanza kueleza kosa nililolitenda mwenyewe, na mwandishi wa habari, kama mtu mwingine yeyote, hupenda kuandika makosa ya wenzake.

Kosa hilo lilitendeka miaka sita iliyopita. Rafiki yangu, ambaye tulisoma naye uandishi wa habari, aliolewa Temeke. Mimi sikuwa mpiga picha wa kulipwa. Nilikuwa na kamera ya mtumba niliyoinunua kwa kujinyima, na shauku ya mtu aliyejifunza jambo jipya. Asubuhi ya harusi nilikaa naye chumbani tangu alipooga mpaka alipotoka. Miongoni mwa picha nilizopiga ilikuwapo moja ambayo mpaka leo sijapata kupiga iliyo bora kuliko hiyo. Amejifunga kanga moja kifuani, mabega wazi, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, naye anacheka kicheko cha kutoka tumboni kwa sababu shangazi yake alikuwa amemwambia jambo ambalo haliwezi kuandikwa katika ukurasa wa familia. Sikumwomba ruhusa. Wala haikunijia akilini kwamba ruhusa ilihitajika, maana tulikuwa marafiki, na mimi ni mwanamke kama yeye.

Nilipeleka kadi ya kumbukumbu katika duka moja la kusafisha picha, nikachapishiwa, nikampelekea bibi harusi albamu, akashukuru. Hayo yakaisha. Baada ya majuma machache, shemeji yake, ndugu wa mumewe, alikuwa amekaa dirishani ndani ya daladala iliyokwama katika foleni. Akatazama nje, na hapo katika kioo cha duka lile akamwona mke wa kaka yake, mkubwa kama mlango, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, na ile kanga moja. Kijana naye alikuwa na simu. Akaipiga picha ile picha na kuituma katika kundi la ukoo lenye watu zaidi ya sitini, pamoja na swali: “Jamani, huyu si mke wetu?”

Rafiki yangu alinipigia simu usiku. Hakunitukana. Aliniuliza tu: “Mwenzangu, nilikupa lini?”

Kesho yake nilikwenda dukani. Mwenye duka alinistahi, akanipa hata kiti, kisha akanieleza kwamba picha nzuri ni tangazo la biashara, na kwamba karatasi na wino vilikuwa vyake. Tulibishana kwa muda wa saa nzima mpaka akaishusha. Lakini picha iliyokwisha kuingia katika simu sitini ingeshushwa na nani? Leo rafiki yangu ana watoto wawili. Tukikutana tunasalimiana vizuri. Sura za wanawe nazijua kwa kusimuliwa.

Siku zile haikuwapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ambayo inamwekea mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha. Hapana shaka mwenye duka yule angebishana nami kwa sauti ya chini zaidi kama ingekuwapo. Walakini sitaki kujificha nyuma ya sheria. Mwenye duka alikosa mara ya pili. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Sasa nitakueleza, msomaji, jinsi nilivyofundishwa.

Mwaka juzi mwenzangu wa chumba cha habari, mzaliwa wa Ng’ambo huko Unguja, alimwoza mdogo wake, akaniomba nije na kamera. Nilimwambia habari za Temeke. Akacheka, akasema: “Njoo tu. Kwetu hutapata nafasi ya kukosea, yuko kungwi.”

Nilifika siku mbili kabla ya harusi. Nilipiga hodi, nikapokelewa, nikapelekwa moja kwa moja kwa kungwi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliyekaa juu ya mkeka akitenganisha asmini na majani yake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hicho ulichoning’iniza shingoni ndicho chenyewe?”

“Ndicho, bibi.”

“Basi kivue ukiweke hapa karibu yangu. Kikae kwanza kituzoee.”

Kamera yangu ikakaa juu ya mkeka, kando ya sinia la asmini, tangu saa tatu ya asubuhi mpaka baada ya sala ya adhuhuri. Nilikasirika kidogo, nikiri. Nilikuwa nimelipa nauli ya boti, na nuru iliyokuwa ikiingia kutoka uani ilikuwa nzuri mno, nami nikaona inapotea bure. Lakini kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mitupu nilipewa kazi, na kwa kupewa kazi niliona mambo ambayo nyuma ya lenzi nisingaliyaona.

Kwa wale wasomaji wa bara ambao hawajapata kuyashuhudia, nieleze kwa ufupi. Mwari huwekwa ndani siku kadhaa kabla ya harusi, mbali na jua na moshi wa jikoni. Kila siku husuguliwa singo, ambayo ni mchanganyiko wa maua na viungo vilivyopondwa: asmini, waridi, mlangilangi, mrehani, karafuu, liwa, vikalowekwa kwa marashi. Kila kungwi ana vipimo vyake, na sikumsikia hata mmoja aliyevitaja vyote mbele ya mgeni. Singo ikikauka juu ya ngozi husuguliwa kwa viganja mpaka ianguke vumbi vumbi, na uchafu huanguka pamoja nayo. Mwari hukaa amejifunga kanga ya kisutu, ile yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo ni ya kale miongoni mwa kanga zetu. Na muda wote huo anafundishwa. Wakati mmoja kungwi alinitazama na kuniuliza, “Wewe ushaolewa?” Nilipojibu kwamba bado, akaniagiza nikachote maji kisimani, kisima ambacho, kama nilivyogundua, kilikuwa mbali kiasi cha kutosha.

Baada ya adhuhuri ikaja hina.

Hapa naomba msomaji akae nami kidogo, kwa maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa hukandwa kwa maji ya ndimu, wengine kwa chai ya rangi, yakaachwa yatoe rangi. Kisha mchoraji huichora mikononi mpaka karibu na viwiko, na miguuni mpaka juu ya vifundo. Baada ya hapo mwari hakuna alifanyalo. Kwa muda wa saa kadhaa hana ruhusa ya kushika kitu wala kukanyaga chini. Akiona kiu hunyweshwa. Pua ikimwasha hukunwa. Kanga ikimteremka kichwani husubiri mtu mwingine aipandishe. Rangi yenyewe haikomi siku hiyo: ikibanduliwa huwa ya machungwa, kisha huendelea kuiva na kukolea wekundu kwa siku moja au mbili, na ndiyo sababu hina haipakwi asubuhi ya harusi.

Yule mwari alikuwa amekaa hivyo, mikono imenyoshwa juu ya mito miwili kama mtu anayepokea kitu, miguu mbele yake, na hina mbichi ikimeta. Kanga ilikuwa imeteremka mpaka mabegani. Dada zake walikuwa wakimwimbia, na mara, bila ya mtu kutarajia, akaanza kulia. Hakuwa akilia kwa huzuni, wala si kwa furaha. Alilia kama mtu anayeondoka nyumbani. Machozi yakamtiririka wala hakuweza kuyafuta.

Kamera nilikuwa nimekwisha kurudishiwa. Nikainyanyua.

Nilipobonyeza, kiganja cha kungwi kilikuwa kimekwisha kuifunika lenzi. Sijui alifikaje, alikuwa upande wa pili wa chumba.

“Mwanangu,” akasema kwa ile ile sauti yake ya taratibu, “huyu mikono yake imefungwa. Hawezi kujifunika uso. Ngoja ifunguliwe, ndipo umwulize.”

Nikaiteremsha kamera. Nikamkumbuka rafiki yangu wa Temeke, ambaye siku ile shangazi alikuwa amemshika nywele na mtu mwingine amemshika mguu akimpaka rangi kuchani, naye amejifunga kanga moja na kuishikilia kwa mkono. Yeye naye hakuwa na mkono wa kujifunika.

Mpaka siku ile nilidhani ubishi wa picha za chumbani ni ubishi wa dini au wa mwanamume na mwanamke. Sikatai kwamba hayo yamo. Lakini kungwi yule hakunitajia haramu wala aibu. Alinionyesha hali ya mtu anayepambwa. Kupambwa ni kujiachia mikononi mwa wengine, na mtu hujiachia mbele ya wale tu ambao kesho hawatamsema. Chumba kile hukubali watu kwa sababu hiyo. Kamera ikiingia, huingia pamoja na wote watakaoitazama picha, nao hawajulikani idadi yao wala majina yao.

Jambo hili wanawake wa pwani walilielewa kabla yetu. Huko Mombasa na Lamu iko sherehe iitwayo kupamba, ambapo bibi harusi huketishwa mahali pa juu akiwa amepambwa kikamilifu ili wanawake wenzake wamtazame. Wageni wote ni wanawake, nao wakiingia huvua mabuibui, wakabaki na nguo zao za fahari, nywele wazi na dhahabu shingoni. Kwa hiyo picha moja ya bibi harusi ni picha ya wageni mia. Mikanda ya video ilipoingia katika harusi mnamo miaka ya 1980, yalianza malalamiko, kwa kuwa mkanda ukiazimwa hauulizi nani amekaa sebuleni kuutazama. Leo ziko harusi nyingi ambazo mlangoni amewekwa mama wa kukusanya simu, na anayekataa hurudi nyumbani na zawadi yake. Heike Behrend, mtaalamu wa Kijerumani, alichapisha mwaka 2013 kitabu kizima kuhusu upigaji picha katika pwani yetu, na sehemu kubwa ya aliyoyaeleza ni jinsi wanawake wanavyokataa kuonekana na kamera, au wanavyochagua lini na namna gani waonekane.

Wala usidhani, msomaji, kwamba mama zetu walizichukia picha. Fungua kabati la nyumba yoyote ya zamani, utazikuta. Mjini Unguja Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa N. V. Parekh alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1940. Watu walikwenda huko kwa miguu yao wenyewe, wamevaa walivyotaka, wakasimama walivyotaka, wakiitazama kamera huku kamera ikiwatazama. Picha ya studio ina ugumu wake, mabega yamekakamaa na macho hayapepesi, nasi vijana tunaicheka. Lakini mtu aliyemo ndani yake alijua kwamba anapigwa picha.

Hebu nirudi chumbani. Hina ilipokauka na kubanduliwa, na mikono ikapakwa mafuta, kungwi alimsogelea mwari akamnong’oneza, kisha akaniita. “Haya, muulize.”

Niliuliza. Naye akanijibu kwa utaratibu kabisa, kama mtu aliyekuwa amelifikiria jambo hilo muda wote aliokaa bila ya kusema. Mikono nipige, na miguu. Bibi yake akimfukiza udi nipige, lakini kwa nyuma, nywele zionekane na chetezo kionekane. Uso nipige, lakini anitazame kwanza, na asiponitazama nisipige. Machozi hapana. Na kabla sijaondoka nyumbani pale tukae pamoja atazame zote.

Basi nikapiga kazi bora kuliko ningeliachiwa huru. Nilimpiga bibi yake akikitia chetezo makaa mekundu kwa vidole, bila ya koleo, na moshi wa udi ukipanda ndani ya nywele zilizotandazwa juu ya tenga. Nilipiga vikuba vya asmini na mrehani vikifungwa kwa uzi. Nilipiga miguu miwili yenye hina kando ya miguu ya bibi iliyopasuka visigino.

Kwa kuwa wako wasomaji watakaoombwa na dada zao kufanya kazi kama hii, niseme mawili matatu ya ufundi. Zima taa ya kamera. Mwanga wake wa ghafla hufanya hina mbichi ing’ae kama lami na kuupausha uso uliopakwa poda. Mkalishe mwari karibu na mlango wa uani au dirisha, ubavu wake uelekee mwangani, na upande wa pili tundika shuka jeupe ili lirudishe nuru kivulini. Akiisha kuvaa gauni jeupe kuwa mwangalifu zaidi, kwani kamera hupima mwanga kwa wastani wa yote inayoyaona. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso wa bibi harusi ukawa giza. Pima kwa uso wake, si kwa gauni. Ikiwa unatumia simu, gusa uso juu ya kioo kabla ya kubonyeza.

Na hapa nitoke kidogo nje ya njia. Huenda una nyumbani picha za rangi za harusi ya wazazi wako ambamo gauni linang’aa na nyuso hazionekani vizuri. Usimlaumu aliyepiga peke yake. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka katika maabara za picha kadi ya kulinganishia rangi iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi walirekebisha mashine zao mpaka ngozi ya mwanamke huyo ionekane sawasawa. Ngozi zetu zilikuwa nje ya hesabu hiyo kwa miaka mingi. Nimeona inafaa kulisema, maana wako mabibi wanaoamini hadi leo kwamba “hawatoki vizuri” katika picha.

Liko na jambo la piko. Wachoraji wengi siku hizi huchanganya hina na rangi nyeusi ya nywele, au huitumia hiyo peke yake, kwa sababu weusi huonekana upesi na hutokeza katika picha. Mwari mmoja aliwahi kuniambia wazi kwamba hina nyekundu anaipenda zaidi, lakini “haitoki kwenye kamera.” Rangi hizo nyeusi mara nyingi huwa na kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, ambayo yaweza kuunguza ngozi, kutoa malengelenge, na kumwachia mtu mzio wa maisha. Kuichubua ngozi ya bibi harusi ili picha ipendeze ni kuugeuza mkono uwe mtumishi wa picha. Mpiga picha anayejua kazi yake ataionyesha hina nyekundu ikiwa nyekundu.

Siku ya harusi yenyewe nilikaa nyuma. Wanaume walikwenda msikitini kwa nikaha, nao wakarudi na bwana harusi kwa vishindo. Mlangoni akazuiwa na wanawake, wakamdai, akatoa, wakamdai tena, akatoa tena huku akifuta jasho. Hatimaye akafikishwa chumbani, na hata hapo hakumwona mkewe mpaka alipotoa kipa mkono, yaani zawadi anayopewa bibi harusi mara ya kwanza mumewe anapomjia baada ya ndoa. Nikaitazama kamera iliyoning’inia shingoni mwangu. Mume halali, mwenye mahari na mashahidi, anatoa kitu kabla ya kutazamwa na mkewe na kumtazama. Mimi Temeke nilitoa nini?

Usiku ule, kabla ya boti ya asubuhi, tulikaa naye uani pamoja na dada zake. Zilikuwa picha mia moja na arobaini na tatu. Alizitazama moja moja bila haraka. Akafuta, akafuta, akafuta. Nyingine alizozifuta zilikuwa nzuri, nami nilijiuma ulimi. Zikabaki thelathini na moja. Alipofika kwenye ile ya kwanza kabisa, iliyopigwa wakati kungwi alipoizuia lenzi, nilitaka kuruka, maana haikuwa picha: kiganja tu kimejaa fremu nzima, kimefifia, mistari ya mkono ikionekana kwa mbali na nuru nyekundu ikipenya kati ya vidole. Akanizuia. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akawaita dada zake waione.

“Hii,” akasema, “nisafishie kubwa.”

Sasa, binti wa kiwanda cha nguo, nikujibu. Mchumba wako hajakosa kwa kutaka picha. Amekosa kwa kutoa arubuni kabla ya kukuuliza ni picha zipi, na wewe kwa kutomwambia. Mwombe mpiga picha huyo abaki nje pamoja na wanaume. Nikaha ina mambo mengi ya kupigwa, na vishindo vya mlangoni vitamtosha. Wa ndani awe mwanamke, nao wako wengi siku hizi wanaoijua kazi hii kuliko mimi. Nenda naye kwa bibi yako kabla ya siku za singo, si siku ya singo. Akae, asalimie, apewe kazi. Mwambie waziwazi kipi apige na kipi asipige, na muda gani, na hasa wakati hina ingali mbichi. Kaa naye mwishoni mtazame zote, na asiondoke na kadi mpaka umekwisha kufuta. Zitakazochapishwa, mwenye duka aelezwe, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba hazitundikwi.

Na bibi yako usimwendee kwa kumbishia. Mwulize kama yeye mwenyewe anayo picha ya siku aliyoolewa, na kama hana, ni ipi angalitamani kuwa nayo. Jibu lake ndilo utakalompa mpiga picha wako liwe la kwanza katika orodha. Kisha niandikie unieleze alisema nini.